Kwa nini SMS inafika kwenye simu yoyote

Jioni ya Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa kama sita. Wengine walizima simu na kuiwasha tena wakidhani ni mbovu, wengine wakanunua bando jipya. Kumbe kosa lilikuwa kwa kampuni inayomiliki huduma hizo tatu. Wakati wa matengenezo, amri moja iliikata mitambo yake kutoka kwenye intaneti, na programu iliyowekwa kuzuia amri za namna hiyo nayo ilikuwa na kasoro.

SMS ziliendelea kwenda kama kawaida.

SMS haina mmiliki mmoja. Inafuata kanuni zilizochapishwa wazi, ambazo wataalamu huziita itifaki, na kiwanda chochote kinaweza kuzisoma na kutengeneza simu inayozifuata. Ndiyo maana kiswaswadu cha bibi kinapokea ujumbe kutoka simu janja ya mjukuu, hata kama laini zao ni za mitandao tofauti. SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza Desemba 3, 1992, na mpaka leo ujumbe mmoja ni herufi 160.

Redio unayotusikilizia iko hivyo hivyo. Sisi tunarusha matangazo kwa FM, wewe unanunua redio ya kampuni unayoitaka. Ingekuwa stesheni ndiyo pekee inayouza redio ya kutupata, tungekupandishia bei tunavyopenda, na ungefanya nini?

Lakini kanuni kuwa wazi hakutoshi. Watengenezaji nao wawe wengi. Mkulima analijua hili: ukipanda mbegu ya aina moja shamba zima, ugonjwa ukiingia unaondoka na lote. Kasoro ya programu ya SMS ya kampuni moja haizigusi simu zinazotumia programu ya kampuni nyingine.

Sisemi uache WhatsApp. SMS haibebi picha, na kampuni ya simu inaweza kuisoma, wakati ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa siri kati ya wanaoandikiana. Ila kama kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinatangaza vikao huko tu, wasio na simu janja hawapati habari. Katibu aandike namba za wanachama wote kwenye daftari, na tarehe ya kikao itumwe kwa SMS pia.