Datsun 240Z: Tazama Bati Kabla ya Injini

Anayekwenda kununua Datsun 240Z huanza kwa kufungua boneti, na si ajabu. Ndani kuna injini ya L24 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sisi 2,393, kabureta mbili, na mlio unaomsahaulisha mtu bei. Tena gari hili lina jina kwetu: Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally ya 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo ya 1973. Lakini injini hiyo ni ngumu kufa, na ikichoka, fundi makini ataifungua na kuifufua. Kinachoimaliza 240Z ni kutu.

Gari hili halina chesisi ya peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo inayobeba injini, abiria na kila kitu, nayo imeundwa kwa bati jembamba lenye kinga hafifu ya kutu. Bati likioza, gari lote limelegea. Kwa hiyo omba liinuliwe, ulale chini na tochi. Anza na zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Ukikuta zimebonyea, au zimechomelewa bati juu ya bati, uliza sababu. Funua kapeti na utando wa lami uliobandikwa sakafuni, maana unyevu hujificha hapo na bati huoza kimyakimya. Tazama chini ya betri, asidi inakodondokea, kisha bati la chini ya milango hadi linapokutana na tairi la nyuma. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: isiposhika, pamejazwa puti. Gari lililoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar likaguliwe mara mbili kwa sababu ya upepo wa chumvi. Muuzaji akikukataza kufunua kapeti, aga uondoke.

Soma pia namba ya utambulisho ya gari. Ya magari ya usukani wa kulia yaliyouzwa nje ya Japani huanza na HS30, ya usukani wa kushoto HLS30. Ukikuta injini ya L28, ujue imetoka kwenye gari la baadaye. Huenda likakimbia zaidi, ila mkusanyaji atakupa bei ndogo. Kama unaliagiza kutoka nje, zungumza na forodha kabla ya kutuma hela. Kenya, kwa mfano, huzuia magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8.

Likishakuwa lako, liendeshe. Likisimama miezi, petroli huharibika, kabureta huziba na tangi huota kutu kwa ndani. Jambo la kwanza kabisa, badilisha mipira yote ya petroli. Katika injini hii kabureta zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzosi, na tone moja likivuja hapo linaweza kuwasha moto. Tapeti zirekebishwe injini ikiwa baridi: milimita 0.20 upande wa kuingiza, 0.25 upande wa kutoa. Umeme wa taa za mbele hupita wote kwenye swichi, nalo sanduku la fyuzi hupata joto hadi kuyeyuka. Fundi umeme afunge rilei mapema.

Vipuri vya injini hupatikana kirahisi kuliko vya ndani ya gari. Dashibodi isiyopasuka ni adimu na ghali, hivyo ukiikuta nzima, izibie jua kila unapoegesha.