Bao Ndilo Mwalimu wa Kwanza

Huku Sosiot, katikati ya michai ya Kericho, nafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kubuni michezo ya kompyuta, watano watano kwa kikundi. Msomaji wa pwani atauliza: mchezo nao ni somo? Naam, na mwalimu wake wa kwanza ni bao.

Majuma ya mwanzo hakuna kugusa mashine. Nawawekea bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Kila mmoja aanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa nyumbani, na 22 za kunamua. Kisha nauliza: tukiiondoa nyumba, utamu utabaki? Kila kikundi chabadili kanuni moja, chacheza, chabishana.

Hapo fundi wa programu, aliyezoea kuamua peke yake, humsikiliza binti aliyefunzwa bao na babu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wake wa Nyangi. Kwa hiyo ufundi si haba. Lakini tukilisahau bao, vijana wetu watacheza daima kwa kanuni zilizotungwa na wengine.