Huruma ya Baba Konani

Wazee wa Keumbu ambao wana wao wamevaa glavu na kutamani ndondi za kulipwa hawaachi kunisimamisha sokoni, penye mikungu ya ndizi, kuniuliza wawape vijana mazoezi gani, maana wamekwisha kata shauri kuwafundisha wenyewe, na kila nikitaka sababu, jawabu huwa lile lile: "Daktari, nani atamhurumia mwanangu kuliko mimi niliyemzaa?" Dhana hiyo ni ya hatari, nami nimechoka kuisikia.

Tarehe 1 Oktoba 1975, jijini Quezon, kando ya Manila, bondia Joe Frazier, macho yamevimba hata haoni makonde yajayo, aliketi konani baada ya raundi ya 14 akishikilia kuendelea. Eddie Futch, kocha wake, asiyekuwa na nasaba naye, akamkatalia na kusimamisha pigano, ilhali imebaki raundi moja. Frazier huyo huyo alikuja kuwa kocha wa mwanawe, Marvis. Novemba 1983, kijana ana mapigano 10 tu ya kulipwa, baba alimkabidhi kwa bingwa wa dunia Larry Holmes, akashindwa raundi ya kwanza. Julai 1986 akampeleka kwa Mike Tyson, na pigano likaisha kwa sekunde 30. Hapana mwenye insafu atakayesema Frazier hakumpenda mwanawe. Alimpenda mno, akamwona kwa kadiri ya matarajio yake mwenyewe.

Fauka ya hayo, heshima ya haya, chinsoni, iliyo baina ya baba na mwana wa Kigusii humfanya kijana amfiche babake habari za mwili wake, ilhali mishipa midogo ya ubongo huweza kukatika kwa makonde, damu ikakusanyika polepole, naye akizungumza na kucheka kabla ya kuzimia. Hatari ya makonde si ya kufikirika: bondia wetu Robert Wangila, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 baada ya pigano lililosimamishwa raundi ya tisa.

Mtanitajia Enzo Calzaghe, aliyemfundisha mwanawe Joe, naye Joe akastaafu na ushindi 46 pasipo kushindwa. Ni kweli, na ni nadra.

Basi mpeni kijana kocha mwingine. Baba aketi na watazamaji. Kijana apimwe na daktari kabla ya kila pigano. Akiangushwa, hata mazoezini, asipigwe kichwani tena mpaka daktari aruhusu. Akitapika, akisinzia, au kichwa kikizidi kumuuma, msimpe vidonge alale: gari hima, hospitali ya rufaa Kisii, apigwe picha ya ubongo.