Redio inanyamaza mu saa ya habari: namna ya kusude waya juu ya letoni na bronzi

Saa ya habari ya magaribi imefika, watu wa nyumba wamekaa karibu na redio, na redio yenyewe haiongei. Batri ni mpya. Ukiipiga kofi inasema kidogo, ukiiacha inazima tena. Mara mingi kosa haliko mbali: waya imeachana na kale kabati kanakogusa batri. Mu Beni na Butembo jambo hili si la kuchekesha. Kwa familia nyingi, redio ndiyo inaambia watu asubuhi kama njia ya kwenda shambani iko salama ao hapana.

Wafundi wanajua kwamba waya juu ya waya inashika haraka, lakini waya juu ya kabati ka manjano inasumbua. Sababu ni nini?

Kale kabati mara mingi ni letoni ao bronzi. Letoni ni shaba iliyochanganywa na zinki. Bronzi ni shaba na etani. Shaba watu wanaijua: ni ile ya Katanga, jimbo lililoitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Etani nayo inatoka mu mawe ya kasiterite, kama yale ya Bisie, mu Walikale, hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Ndiyo hiyo etani, mara nyingine ikichanganywa na risasi, inayotumiwa kusudea.

Sababu ya kwanza ni uchafu. Letoni ikikaa kwa hewa, inajifunika ngozi nyembamba. Etani ikianguka juu ya ngozi ile, inaviringika kama maji juu ya jani la ndizi. Kwa hiyo fundi anakwangua kwanza mpaka chuma king'ae, kiisha anapakaa kolofani, ile dawa inayotoka mu utomvu wa miti ya misonobari. Kolofani inaondoa ngozi iliyobaki wakati wa moto. Asidi ya batri ya gari si dawa ya kusude. Inabaki ndani ya kiungo na kula waya polepole, mpaka siku moja inakatika.

Sababu ya pili ni moto. Waya ni nyembamba, inapata moto mbio. Letoni nene inakula moto wote na kuusambaza. Fundi asiyezoea anayeyusha etani juu ya ncha ya chuma cha kusudea, kiisha anaidondosha juu ya letoni. Etani inakaa pale kama nta ya mushumaa, inaonekana imeshika, kumbe haijashika. Ndiyo redio ile ya kupigwa kofi.

Njia ya kweli ni kupasha letoni yenyewe. Ncha ya chuma inashikizwa upande mumoja, etani inagusishwa upande mwingine. Letoni ikiyeyusha etani, kazi imeenda. Etani na risasi, 60 kwa 40, inaanza kuyeyuka kwa digri 183. Etani safi inangoja digri 232. Shaba haiyeyuki mbele ya digri 1085, kwa hiyo hakuna woga wa kuiharibu. Kinachoharibika ni plastiki ya redio: ni muzuri kuchomoa kabati kwanza, kukasudea inje, kiisha kukarudisha.

Kila upande, letoni na waya, unapakwa etani peke yake kwanza. Halafu vinaunganishwa kwa moto wa mara moja, na hakuna kutikisa mpaka kipoe. Chuma cha wati 30 kinatosha kwa kabati ka redio. Kwa letoni nene wati 60 mpaka 100 ni afadhali. Pasipo umeme, chuma chenye kichwa cha shaba kinapashwa juu ya mbabula. Kisiachwe kuwa chekundu, juu etani ya ncha itaungua.

Vyombo vingine vipya vinakataa kuyeyuka kwa moto uliozoeleka. Tangu tarehe 1 Julai 2006, Ulaya ilikataza risasi mu vyombo vingi vya umeme, na viwanda vingi vya dunia vikafuata. Etani ya namna hiyo inataka digri karibu 217 mpaka 227.

Risasi ni sumu, zaidi kwa watoto. Mbabula ya kusudea isiwe ile ya kupikia. Mikono inawe mbele ya kula, na dirisha likae wazi juu ya moshi.

Kuna pahali ambapo etani peke yake haitoshi: ile koso ya letoni juu ya batri kubwa ya pano ya jua. Pale umeme ni mwingi. Kiungo kibaya kinapata moto, etani inalegea, waya inachomoka na kutoa cheche. Mu duka la mbao, cheche moja inatosha. Waya ibanwe kwanza kwa pensi ao kwa buloni, mpaka ikivutwa kwa mukono isitoke. Etani inakuja nyuma, kama inahitajika.

Jaribio la mwisho ni lile lile hata kwa redio ndogo: kuvuta waya kidogo kikiisha kupoa. Etani iliyoshika imetandaa na kushuka pembeni polepole. Ile iliyosimama mviringo kama tone, fundi airudilie mbele mwenyewe hajaenda nayo nyumbani.