Bembea ya mbao Lubumbashi: Kazi huanzia kwenye udongo

Lubumbashi. Mbao chache, boliti na kamba imara vinatosha kumtengenezea mtoto bembea uani. Lakini katika mji huu wa shaba, mzazi anayetaka bembea idumu na mwanawe acheze salama hana budi kuanza na kitu ambacho wengi hukisahau: udongo ulio chini yake.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mjini hapa mwaka 1911. Kwa miongo mingi upepo ulipeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, lilipo eneo la Penga Penga, na madini yakabaki ardhini.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi, na kiwango cha watoto kilikuwa juu zaidi. Mtoto hucheza chini, hushika vumbi, kisha hutia mikono mdomoni.

Bembea inaweza kuongeza tatizo hilo. Miguu ya watoto huparua ardhi mahali palepale kila siku, nyasi hufa na vumbi huinuka. Dawa yake ni kufunika udongo. Vipande vya mbao isiyotiwa dawa, vikitandazwa kwa kina cha sentimita 23, huzuia vumbi na pia hupunguza maumivu mtoto akianguka kutoka kimo cha hadi mita 2.1. Vipande hivyo hushindiliwa kadiri siku zinavyopita, hivyo vinahitaji kuongezwa.

Adui wa pili ni mchwa. Vichuguu virefu kupita nyumba ni kitu cha kawaida Lubumbashi, na udongo wake hufyatuliwa matofali. Mguu wa mbao uliochimbiwa ardhini moja kwa moja huliwa bila mwenye nyumba kujua. Ni bora kumwaga zege, kusimamisha juu yake vyuma, kisha kufunga miguu ya mbao kwenye vyuma hivyo ikiwa imeinuka kutoka ardhini. Vipande vilivyotandazwa chini navyo visiiguse miguu hiyo.

Wapo wanaovutiwa na nguzo kuukuu za umeme au simu kwa sababu haziozi haraka. Nyingi za aina hiyo hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Marekani iliacha kutumia dawa hiyo kwenye mbao za majumbani, zikiwemo za bembea, kuanzia mwaka 2004. Mkaratusi uliokauka vizuri unafaa zaidi. Mukula, mti mwekundu uliokatwa mno Katanga, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti na mkataba wa CITES tangu mwaka 2019.

Ujenzi wenyewe ni mwepesi. Kila upande huwekwa miguu miwili iliyotanuka kama herufi A, na juu yake boriti ya mita 3, isiyozidi kimo cha mita 2.1. Hapo hutosha viti viwili vya upana wa sentimita 45: nafasi ya sentimita 60 kati yake, na 75 kutoka kila kiti hadi miguu. Boliti zinazopenya mbao ni bora kuliko misumari, ambayo hulegea mbao inaponywea wakati wa kiangazi.

Mbele na nyuma, pabaki wazi mara mbili ya kimo cha boriti, yaani mita 4.2 kila upande. Parsele ikiwa ndogo, boriti ishushwe. Ukuta usogee mbali na kichwa cha mtoto.

Mvua zikianza, boliti zikazwe na kamba zikaguliwe. Na kila jioni, kabla ya bukari, watoto waoshe mikono.