Nchi ya Kikristo ni ya nani? Somo kwa makanisa ya Lualaba



Kila Jumapili, kuanzia Kolwezi hadi Fungurume, Mutshatsha na Dilolo, makanisa yetu huiombea nchi. Tunamwomba Mungu awape viongozi hekima, awafariji waliokimbia vita huko Kivu na Ituri, na awalinde vijana wetu wanaoshuka mashimoni kutafuta shaba na kobalti. Maombi hayo ni wajibu wetu, kama Mtume Paulo alivyomwagiza Timotheo.

Lakini uchaguzi unapokaribia, au mjadala wa kubadili Katiba unapopamba moto, mimbarani husikika pia maneno ya namna nyingine. Husemwa kwamba Kongo ni mali ya Wakristo, na wengine ni wapangaji tu. Husemwa kwamba kiongozi fulani ametiwa mafuta na Mungu, kwa hiyo anayempinga anampinga Mungu. Waumini huitika "Amina", kwa sababu maneno hayo yanafanana na ya Biblia. Kabla ya kuitika tena, tutafakari pamoja.

Utaifa wa Kikristo ni nini?

Utaifa wa Kikristo ni fikra kwamba taifa na imani ya Kikristo ni kitu kimoja: kwamba raia kamili ni Mkristo, kwamba kazi ya serikali ni kumlindia nafasi ya kwanza, na kwamba wengine wanavumiliwa tu. Si sawa na kuipenda nchi. Wala si sawa na Mkristo kupiga kura, kugombea ubunge au kukemea rushwa kwa sababu ya imani yake. Nathani alimwendea mfalme Daudi na kumwonyesha dhambi yake. Huo ni ushuhuda. Utaifa wa Kikristo hufanya kinyume: humwambia mfalme kwamba Mungu yuko upande wake, lolote atakalofanya.

Fikra hii inazidi nguvu katika nchi nyingi. Huko Marekani, tarehe 6 Januari 2021, umati ulivamia bunge mjini Washington ili kuzuia matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Baadhi yao walisimama ndani ya ukumbi wa Seneti wakaomba kwa jina la Yesu. Hapo ndipo demokrasia inapoumia. Mtu akiamini kwamba ushindi wake umeamriwa mbinguni, hawezi tena kukubali kwamba ameshindwa kwa kura, na jirani aliyempigia mwingine huwa adui wa Mungu.

Tuliwahi kuishi katika "nchi ya Kikristo"

Tusidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Sisi wa Katanga ya zamani tuna kumbukumbu zetu.

Mmisionari Frederick Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886, kwa mfalme Msiri. Msiri hakuwa Mkristo, na utawala wa Leopold ulikuwa bado haujaikamata nchi hii. Injili ilianza kuhubiriwa huku bila serikali ya Kikristo kuibeba.

Baadaye ikaja serikali ya Wabelgiji, iliyosema imeleta ustaarabu wa Kikristo. Je, sisi Waprotestanti tulinufaika? Misioni za Kikatoliki kutoka Ubelgiji zilihesabiwa kuwa misioni za kitaifa, na zilipewa ardhi kwa mapatano ya mwaka 1906 na Vatikani, kisha fedha za shule. Misioni zetu, zilizotoka Uingereza, Marekani na Sweden, zilitazamwa kama za wageni. Shule zetu zilianza kupata msaada wa serikali baada tu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hatusemi haya ili kuwalaumu ndugu zetu Wakatoliki, ambao leo tunafanya nao kazi nyingi. Tunasema ili tukumbuke kwamba babu zetu walikuwa Wakristo wa daraja la pili katika nchi iliyojiita ya Kikristo.

Kuna aliyeumia zaidi. Simon Kimbangu alikuwa katekista aliyelelewa katika kanisa la Kibatisti. Mwaka 1921 alianza kuhubiri huko Nkamba, na watu wengi wakamfuata. Serikali ilimhukumu kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliletwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30 hadi alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Maelfu ya wafuasi wake walihamishwa mbali na makwao.

Fundisho ni hili: serikali ikijivika jina la Kristo, lazima ichague Mkristo yupi ni wa kweli. Na ikishachagua, ina polisi na magereza ya kutekeleza uchaguzi wake.

Ng'ambo ya mpaka

Jirani zetu wa Zambia walipita njia hiyo karibuni zaidi. Tarehe 29 Desemba 1991, miezi miwili baada ya kumshinda Kenneth Kaunda, rais Frederick Chiluba alitangaza kwamba Zambia ni taifa la Kikristo. Wengi walishangilia. Mwaka 1996 tangazo hilo likaandikwa katika dibaji ya Katiba, pamoja na ahadi ya kuheshimu uhuru wa dini.

Lakini Katiba hiyohiyo ya 1996 iliweka sharti jingine: mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia. Sharti hilo lilimfungia mlango Kaunda, kwa kuwa wazazi wake walitoka Malawi. Baba yake alikuwa mchungaji na mwalimu wa misioni, aliyekwenda huko kueneza Injili. Hivyo mtoto wa mhubiri, aliyeiongoza nchi kwa miaka 27, aliambiwa na taifa la Kikristo kwamba hatoshi kuwa mwenyeji.

Mwaka 2001 wafuasi wa Chiluba walitaka Katiba ibadilishwe ili apate muhula wa tatu. Waliosimama kumzuia ni akina nani? Mabaraza ya makanisa ya Zambia, yaani Wakatoliki, Waprotestanti na Waevanjeli, pamoja na wanasheria na mashirika ya wanawake. Mwezi Mei mwaka huo Chiluba alitangaza kwamba hatagombea. Demokrasia ya Zambia iliokolewa na makanisa yaliyoweza bado kumwambia rais Mkristo, "Hapana."

Viti vilivyobaki vitupu

Kwa nini tunakaza habari ya wenyeji na wageni? Kwa sababu ni kidonda chetu wenyewe.

Kuanzia mwaka 1992 huko Likasi na Lubumbashi, na hapa Kolwezi mwezi Machi 1993, Wakasai walifukuzwa makazini na majumbani. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, au watoto na wajukuu wa walioletwa na Union Minière. Wengi walizaliwa hapa na hawakuijua Kasai. Ni kweli Wakatanga walikuwa na malalamiko yao juu ya kazi na vyeo. Lakini wanasiasa waliyachukua malalamiko hayo wakawaita majirani wadudu. Mamia ya maelfu waliondoka. Watu walilala kwenye stesheni wakingoja gari la moshi, na wengine walifia hapo, wengine njiani.

Waliofukuza na waliofukuzwa, wengi walikuwa Wakristo. Walikuwa wameimba kitabu kimoja cha nyimbo na kushiriki meza moja ya Bwana. Jumapili iliyofuata ibada ziliendelea, na viti vya wengine vilikuwa vitupu.

Utaifa huo ulikuwa wa kabila, haukuwa wa dini. Lakini swali lake ni lilelile: nani ni mwenye nchi, na nani anavumiliwa? Leo watu wanaendelea kuja Lualaba kwa sababu ya migodi, na maneno yale ya zamani yanasikika tena sokoni. Tukizoea kusema kwamba nchi ni ya Wakristo peke yao, tunawafundisha watoto wetu namna ileile ya kufikiri, na kesho wataitumia kwa kabila.

Katiba yetu yasemaje?

Katiba ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 1 kwamba Kongo ni dola isiyofungamana na dini. Maana yake si kwamba nchi inamkataa Mungu. Maana yake ni kwamba gavana, jaji na polisi hawakuulizi unasali wapi. Kifungu cha 22 kinalinda uhuru wa dhamiri na ibada. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongo kwa dini yake, asili yake au kabila lake. Dini na kabila vimewekwa katika kifungu kimoja, na sisi wa Kolwezi tunapaswa kuelewa kwa nini.

Katiba haikuyafunga midomo makanisa. Kwa sheria, madhehebu nane, Waislamu wakiwemo, hukaa pamoja kumpendekeza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, CENI. Mwaka 2021 hawakuweza kupatana: Wakatoliki na Kanisa la Kristo katika Kongo walimkataa mgombea aliyeungwa mkono na wengine sita. Mvutano ule ulituonyesha jinsi nafasi karibu na mamlaka inavyoweza kutugawa. Lakini mwaka 2023 makanisa hayo mawili yalituma kwa pamoja watazamaji wa uchaguzi. Hiyo ni kazi inayotufaa: kuhesabu kwa uaminifu kura za watu wote.

Tufanye nini?

Mgombea akija ibadani, tumkaribishe akae kama mwenye dhambi yeyote anayehitaji neema, na mimbari ibaki ya Neno.

Akileta mabati, simenti au vyombo vya kwaya, wazee watangaze mbele ya waumini kimetoka kwa nani, na kwamba hakuna kura iliyouzwa. Zawadi isiyoweza kutangazwa irudishwe.

Vikundi vya mama na vijana wajifunze kifungu cha 13 kama wanavyojifunza mafungu ya Biblia.

Na siku jirani yetu atakapoambiwa "rudi kwenu", awe Mkasai, Mwislamu au mwingine yeyote, mchungaji na wazee wafike mlangoni kwake kabla ya umati.

Bwana wetu alimwambia Pilato kwamba ufalme wake hautoki katika ulimwengu huu. Hakuwahi kuomba Kaisari amtangaze. Tuiombee Kongo, tuipende, tuitumikie, na wote waliomo ndani yake.