Kaole, Kaburi la Waliozama Baharini

Aliyezoea kusimama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, pale Bujumbura, wakati jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo, hudhani kwamba pwani zote ni za namna moja: mchanga, mawimbi na mitumbwi ya wavuvi. Lakini upo ufukwe mmoja, mbali sana upande wa mashariki, ambao historia yake imefungamana na ya ziwa hili kwa karibu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ufukwe huo ni Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, katika nchi jirani ya Tanzania.

Mwaka jana, sajini mmoja mstaafu, mkazi wa mtaa wa Buyenzi, alifunga safari pamoja na mkewe kwenda kuuona ufukwe huo. Walipanda basi Bujumbura, wakavuka mpaka wa Kobero, wakaikata Tanzania kutoka magharibi hata mashariki mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo walisafiri tena kilomita zipatazo 70 kuelekea kaskazini hadi Bagamoyo. Majirani walipouliza sababu ya safari, mke alijibu kwamba anakwenda kutazama asili ya wazee wake, kwani babu wa babu yake alikuwa mpagazi aliyetoka Mrima, akafika ziwani na mizigo ya watu, wala asirudi tena kwao.

Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuwa lote. Miaka sita kabla ya safari hiyo, mtoto wao wa kiume alitoka usiku na wenzake kwenda kuvua ndagala. Upepo mkali ukavuma, mtumbwi ukapinduka, na mwili wake haukuonekana. Mama hakukubali asomewe hitma. Kila alipoambiwa, alijibu kwa neno moja tu: "Sijamzika." Basi nyumba nzima ikawa imesimama mahali pamoja. Aliyeumia zaidi alikuwa mkaza mwana, mwanamke kijana mwenye mtoto mmoja, ambaye kwa miaka sita hakujua kama yeye ni mke au mjane. Wazazi wake walipotaka kuzungumza habari zake, walinyamaza kwa kumstahi mama mkwe.

MJI ULIOACHWA NA BAHARI

Kaole ni magofu. Katika zama zake, tangu karne ya 13 hivi, ulikuwa mji wa Waislamu wafanyabiashara. Nyumba ya ibada na makaburi vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, namna ileile ya ujenzi inayoonekana Kilwa, Gedi na sehemu nyingine za Uswahilini. Hata leo mgeni huona kuta za msikiti wa kale, kibla chake kikiwa bado kinatambulika, na karibu yake pana kisima ambacho watu huyaheshimu maji yake. Mnamo mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alifanya uchimbaji hapo, na tangu wakati huo magofu hayo yametunzwa na serikali kama urithi wa taifa.

Makaburi yake ni zaidi ya 20. Baadhi yana nguzo ndefu za mawe zilizosimama upande wa kichwani, jambo ambalo ni alama ya ustaarabu wa pwani hii. Zamani nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China, nazo ni ushahidi kwamba wakazi wake hawakuwa watu wa pembeni mwa dunia, bali walifanya biashara na nchi za mbali.

Ni kitu gani basi kilichouangusha mji huo? Wenyeji hueleza kwamba bandari ilijaa matope, mikoko ikaota, na vyombo vikashindwa kufika. Aendaye leo huona jambo hilo kwa macho yake. Baina ya magofu na maji pamesimama msitu wa mikoko, na maji yanapokupwa bahari huwa mbali kabisa. Biashara ikahamia Bagamoyo, na Kaole ikabaki na wafu wake.

NJIA MOJA, NCHA MBILI

Hapana budi msomaji wa Bujumbura akumbushwe kwa nini mahali hapa panamhusu. Mnamo Juni 1857 Wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Unguja, wakateremka Kaole, na hapo wakaianza safari yao ya bara. Walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na baadaye wakapiga makasia hadi upande wa kaskazini wa ziwa. Hawakugundua njia, waliifuata njia ambayo misafara ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi ilikuwa imekwisha kuikanyaga, njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, yenye urefu wa kilomita 1,200 hivi.

Henry Stanley naye aliondoka Bagamoyo mwaka 1871, akamkuta Dakta Livingstone Ujiji, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo wakafika pamoja kwenye mlango wa mto Ruzizi. Jiwe la Mugere, lililo kusini mwa Bujumbura, limechorwa majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watumishi wake, miongoni mwao Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na Kiswahili kinachosemwa Buyenzi hadi leo kilifika ziwani kwa miguu ya wapagazi, wafanyabiashara na askari. Hivyo atokaye Mugere kwenda Kaole hutoka ncha moja ya njia akaenda ncha ya pili.

KABURI LA WAWILI

Wageni wale wawili walifika Kaole asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Walipokewa na mzee mwongoza wageni, wakaamkiana kwa adabu, kisha akawatembeza polepole. Aliwaonyesha kaburi linaloitwa la Sharifa, ambapo watu huja kuomba dua, na wengine huacha sadaka na marashi. Sajini, ambaye ni mtu wa msikitini, alikunja uso. "Mama watoto," alisema kwa sauti ya chini, "sisi huwaombea wafu, hatuwaombi wafu."

"Najua, baba watoto," mke alijibu. "Sikuja kuomba kitu kwake."

Mzee hakuudhika. Alisema kwamba jambo hilo kila mtu hulichukua kwa elimu yake, na kwamba yeye hamlazimishi mgeni. Akawapeleka kwenye kaburi jingine, akawaambia kwamba husimuliwa kuwa hilo ni la mume na mke waliozama baharini. Majina yao hakuyataja, wala hadithi yao haikuwa ndefu. Kilichosimuliwa ni kwamba walizama, na watu wa mji wao wakawajengea.

Mama alisimama hapo muda mrefu, mtandio ukipepea kwa upepo wa bahari. Hatimaye akauliza: "Waliozama wakajengewa hivi, mji wao wenyewe umekufa, na watu wangali wakiwasomea Fatiha?"

"Naam, bibi," mzee alijibu. "Anayepita husoma. Aliyezama ni katika mashahidi, ndivyo tulivyofundishwa. Na hata ambaye mwili wake haukupatikana, sala yake ipo, husaliwa ghaibu. Dua haiulizi mtu amelala wapi."

Sajini, ambaye maneno hayo alikuwa amekwisha kuyasema nyumbani mara nyingi bila kusikilizwa, alikuwa na busara ya kunyamaza. Mkewe akainua mikono. Akasoma Fatiha kwa ajili ya wale wawili wasiojulikana, kisha akasoma ya pili, na safari hii alilitaja jina la mwanawe. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miaka sita kulitaja pamoja na neno "marehemu".

Waliporejea Bujumbura, hitma ilisomwa nyumbani Buyenzi, na sala ya ghaibu ikasaliwa msikitini. Siku ya tatu mama mkwe alimwita mkaza mwana, akamketisha mkekani, akamwambia: "Mwanangu, nilikufunga kwa sababu mimi nilijifunga. Nenda ukawasikilize wazazi wako. Mjukuu ni wetu, na mlango huu ni wako siku zote." Mambo ya sheria yakapelekwa panapohusika, na mwanamke yule kijana akaanza kuhesabiwa kuwa mjane, jambo ambalo kwa wengi ni huzuni, bali kwake lilikuwa mwanzo wa kupumzika.

KWA WANAOKUSUDIA KWENDA

Familia inayotaka kufika Kaole yafaa izingatie mambo machache. Kwanza, kila mmoja achukue hati halali za safari na aulize mapema masharti ya mpakani. Pili, nguo ziwe za heshima, kwani hapo ni mahali pa makaburi na msikiti; viatu viwe vyepesi lakini imara, maana kuna mawe na mizizi. Tatu, maji ya kunywa na kofia ya jua visisahauliwe, hasa kwa watoto na wazee. Nne, anayependa kuiona bahari ikiwa karibu aulize wenyeji saa za maji kujaa, na asiingie mikokoni bila mtu anayeijua njia.

Juu ya yote, mtoto akanywe asipande juu ya kuta wala asichukue kipande cha jiwe au kigae kuwa ukumbusho. Kila jiwe linaloondoka ni neno linalofutika katika kitabu ambacho hakina nakala ya pili.

Mji wa Kaole haukupigana na bahari iliyouacha. Lakini uliwajengea watu wake waliokufa, na kwa kufanya hivyo umedumu katika vinywa vya wapita njia. Hapa Bujumbura pia, ambapo ziwa hutulisha na mara nyingine hutunyang'anya, si nyumba moja tu inayomngoja mtu asiyerudi. Kumkumbuka ni wajibu. Kumwombea ni hisani. Lakini walio hai nao wana haki yao, na haki hiyo haifai kucheleweshwa.